Baba anataka kuuza miti iliyobaki amsomeshe mdogo wangu, na mimi mwenye shahada nipo nyumbani

SWALI

Shikamoo Mama. Naomba usitaje jina langu wala kijiji, kwa sababu huku kwetu watu wataunganisha haraka.

Mimi ni binti wa miaka 29, mtoto wa kwanza kati ya wanne, mkoa wa Njombe. Nina shahada ya ualimu, masomo ya Kiswahili na Historia. Nilihitimu mwaka 2019 na mpaka leo sijaajiriwa. Kila dirisha la ajira likifunguliwa najaza maombi. Nimeitwa kwenye usaili, nimesafiri na basi la usiku, nimefika nikakuta tuko wengi kuliko viti, nikarudi. Katikati hapo nilifundisha shule moja ya binafsi. Mshahara ulikuwa unakuja siku unapotaka, mwisho ukaacha kuja kabisa. Nikafungasha nikarudi nyumbani.

Baba alinisomesha kwa miti. Unajua huku kwetu msitu wa misindano ndiyo benki. Nikiwa kidato cha tano aliuza eneo la bondeni lote. Nikiwa mwaka wa pili chuo mkopo haukutosha, akauza kipande kingine. Siku ya mahafali alinipiga picha na joho, akaikuza, akaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni juu ya redio. Kila mgeni alikuwa anaonyeshwa. Sasa hivi haonyeshi tena mtu. Hajawahi kunilaumu hata siku moja, ila wageni wakija huwa namwona anakaa kwenye kiti ambacho wao wataipa mgongo ile picha.

Mdogo wangu wa kiume yupo kidato cha tatu, shule ya kata. Ana akili, sisemi hivyo kwa kuwa ni ndugu yangu. Lakini tangu mwaka jana amejifunza kubebesha miche ya parachichi kwa jirani. Nimemwangalia akifanya: anakata kikonyo cha parachichi aina ya Hass kwa mshazari, anapasua mche wa kienyeji katikati, anachomeka, anafunga kwa nailoni bila kuacha upenyo, anahamia wa pili. Hata haangalii mikono. Miche anaiuza. Amejinunulia simu, na msimu uliopita alimnunulia mama mfuko wa mbolea ya kukuzia. Tatizo ni kwamba muhula huu haendi shule siku nyingi, na mwalimu wa darasa ameshamwita baba.

Baba alipomgombeza, alijibu mbele yetu wote: "Dada amesoma mpaka mwisho, amepata nini? Si anakula ugali uleule ninaokula mimi?" Nilikuwa nasonga ugali wenyewe. Baba alinyamaza, akatoka nje.

Sasa baba ameamua kumhamishia shule ya bweni ya binafsi, mbali na miche na hao marafiki zake, na ili apate ada auze msitu uliobaki. Mama hataki, anasema ile ndiyo akiba yao ya uzeeni. Baba mdogo anasema kijana aachwe afanye kazi, shule imeshaonyesha matunda yake, na akisema hivyo huwa ananitazama mimi. Kikao cha familia ni mwisho wa mwezi. Baba ameniambia, "Wewe ndiye utakayezungumza naye. Wewe ndiye msomi humu ndani."

Mama, sijui kama naamini ninachotakiwa kusema. Nikimwambia asome, atanitazama tu, na jibu litakuwa ni mimi niliyekaa pale. Usiku huwa napiga hesabu ile miti ya bondeni ingekuwa na thamani gani leo kama nisingesoma. Na bado kuna deni la mkopo wa chuo, ambalo sijaanza kulilipa.

Kwa sasa nakisaidia kikundi cha wakulima wa parachichi hapa kijijini. Naandika mihtasari, nawasomea mikataba ya wanunuzi. Mwaka jana kulikuwa na kipengele kinachompa mnunuzi haki ya kukataa matunda baada ya kuyachukua, bila kuonyesha yaliyokataliwa, nikawaambia tusisaini mpaka kibadilishwe, na kikabadilishwa. Lakini hiyo siyo kazi. Wananipa nauli, wakati mwingine debe la viazi.

Naomba unisaidie. Ni haki kumshawishi mtu aingie kwenye kitu ambacho mimi hakijanisaidia? Na mimi mwenyewe niendelee kusubiri ajira, au nikubali kwamba miaka ile ilipotea?

Dada Mkubwa, Njombe

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kwanza nikupe pole, kwa sababu umebebeshwa mzigo usiolingana na umri wako. Unatakiwa uwe mshauri wa mdogo wako na wakati huohuo uwe kielelezo cha kesi. Hakuna anayeweza kuzungumza kwa utulivu akiwa katika hali hiyo.

Nikikuelewa vizuri, kikao chenu kimebeba mambo matatu. Lipo la kijana na masomo yake. Lipo la miti na uzee wa wazazi wako. Na lipo la kwako, ambalo halikuandikwa kwenye ajenda ila ndilo watu wote watakuwa wanalifikiria. Baba ameyafunga yote pamoja: miti iuzwe, kijana asome, na wewe uthibitishe kwamba inafaa. Mimi ningependa tuyafungue, maana yakijibiwa kwa mkupuo, mmoja wenu ataumia bila sababu.

Nianze na swali la mdogo wako. "Amepata nini?" Limekuchoma, na naelewa. Lakini sikiliza alichokuwa anauliza hasa. Yeye amekua akiambiwa kwamba shule ni njia ya kupata mshahara. Akaangalia ndani ya nyumba yake, mshahara hakuuona. Kwa kipimo alichopewa, hesabu yake ni sahihi kabisa. Kipimo chenyewe ndicho ninachotaka tukiulize, na tuulize pia kilitoka wapi.

Baba yako hakukitunga. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 waliosoma sekondari walikuwa wachache mno, na aliyemaliza alikuwa anasubiriwa na ofisi. Vijana wa miaka ya baada ya hapo walimwona bwana shamba na karani wa halmashauri kwa macho yao: kijana wa jirani aliyeondoka na sanduku la mbao na kurudi na baiskeli, baadaye na bati la nyumba ya mama yake. Mzee anayeuza msitu leo ili mtoto asome anatenda kwa ushahidi aliouona. Kilichobadilika ni idadi. Sekondari za kata zimejengwa kwa wingi tangu miaka ya 2000, vyuo vikuu vimeongezeka, na nafasi za kazi hazikuongezeka kwa mwendo huo. Ahadi iliyotimia kwa watu wachache ikaendelea kutolewa kwa watu wengi, kwa maneno yaleyale.

Na hili halijaanza jana. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na mojawapo ya malalamiko yake lilikuwa kwamba shule zetu ziliandaliwa kwa ajili ya wachache watakaoendelea mbele. Wakati ule ni karibu watoto 13 tu kati ya 100 waliomaliza shule ya msingi walioweza kupata nafasi ya sekondari, na waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Alitaka kila hatua ya elimu iwe imekamilika yenyewe, mtu akiishia pale awe ametoka na kitu cha kuishi nacho na cha kuwafaa wenzake. Mengi ya yale hayakutekelezwa alivyotaka. Mashamba ya shule yaligeuka adhabu sehemu nyingi, na nadhani hata wewe umewahi kulima bustani ya mwalimu. Lakini swali lake bado lipo mezani kwenu, kwenye kikao cha mwisho wa mwezi.

Kuna jambo jingine la zama hizo ambalo sichoki kulisimulia. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto jioni, na hakuna aliyeahidiwa kazi ya ofisini. Walitaka kusoma barua za watoto wao bila kumwita jirani, na kujua karani ameandika kilo ngapi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka madimbwi ya mbu. Ile ilikuwa elimu, na faida yake ilikwenda kwa watoto ambao hata hawakuhudhuria. Ndiyo maana nasikitika ninaposikia elimu ikipimwa kwa hati ya mshahara peke yake.

Sasa nikurudishe kwenye barua yako mwenyewe. Jambo la mkataba wa parachichi umelieleza mwishoni, kwa haraka, kisha ukaandika, "hiyo siyo kazi." Mwanangu, hebu lisome tena. Kijiji kizima kilikuwa kinakaribia kusaini karatasi inayompa mnunuzi haki ya kuondoka na matunda na kurudi na maneno. Mtu mmoja akaiona ile sentensi, akajua madhara yake, na akawa na ujasiri wa kusema mbele ya wazee tusisaini. Uliutoa wapi? Huenda si somo moja lililokupa. Lakini miaka ya kusoma nyaraka za Historia na kuuliza nani ameandika na kwa faida ya nani, inamjenga mtu. Wewe unaihesabu miti ya bondeni usiku, ila sijaona popote ulipohesabu yale matunda.

Hapo hapo nikuombe tahadhari. Usiende kwenye kikao ukatumia mkataba huo kama jibu la kumnyamazisha mdogo wako. Atakujibu, na atakuwa na haki, kwamba debe la viazi halilipi deni. Ni kweli kabisa. Ulisomea ualimu, madarasa yana upungufu wa walimu, na wewe upo nyumbani: hilo ni jeraha la kweli, na mimi siwezi kulifunika kwa maneno mazuri. Ninachokuomba uone ni kwamba kukosa ajira na kukosa faida ya elimu ni mambo mawili. La kwanza limekupata. La pili, kwa ushahidi wa barua yako, sina hakika kama limekupata.

Tuje kwa kijana. Umeandika kwamba haendi shule siku nyingi, halafu ukanieleza kwa kina jinsi anavyobebesha miche. Mtu anayefunga nailoni bila kuangalia mikono amejifunza, na amejifunza kwa bidii. Sidhani kama amekataa kujifunza. Labda haoni uhusiano wa kinachofundishwa darasani na kile mikono yake inachokijua. Kwa bahati mbaya mtaala mpya wenye mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, ulioanza kutumika 2024, huenda haukumfikia. Kabla ya kumshauri chochote, ningekushauri uende naye kitaluni siku moja ukamuulize maswali, na uulize kwa kutaka kujua. Kwa nini miche mingine haishiki? Kwa nini mti unanyauka kuanzia juu wakati tatizo lipo kwenye mizizi iliyokaa kwenye maji? Hass mara nyingi haibadiliki rangi ikiwa mtini hata ikikomaa, basi mnunuzi anajuaje kwamba imefika wakati wake? Soko la Ulaya linauliza dawa gani ilipigwa na lini, nani ataandika hizo kumbukumbu? Mengine atakujibu vizuri kuliko bwana shamba. Mengine atakwama, na pale atakapokwama ndipo mtakuwa na mazungumzo ya kweli kuhusu Baiolojia na Kemia.

Njia zilizopo nitakutajia ninavyoziona, pamoja na hatari zake.

Abaki shule ya kata amalize kidato cha nne, miche aifanye Jumamosi na likizo. Angalia jambo moja ambalo sikuliona kwenye barua yako: ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu Januari 2016. Mtabaki na sare, madaftari, michango ya chakula. Kwa njia hii miti haihitaji kuguswa. Hatari yake ni kwamba atakaa darasani mwili tu, atoke na sifuri, na azidi kuamini alichosema. Ingehitaji makubaliano naye, tena ya wazi, siku zipi ni za shule na pesa ya miche ni ya nani.

Aende bweni. Siwezi kusema baba amekosea, yeye anamjua mwanawe, na wapo vijana waliotulia walipotolewa kwenye mazingira. Lakini mwulizeni baba kwa upole kama anampeleka kusoma au anamwondoa kwenye miche. Kijana atalijua jibu hata msipomwambia. Na akienda kwa fedha ya msitu wa mwisho, atakuwa anasoma akiwa amebeba uzee wa wazazi mgongoni. Wewe unajua uzito wake ulivyo. Umeuandika kwenye kila aya.

Aache sasa, kama anavyotaka baba yako mdogo. Ana ujuzi, ana wateja. Hatari ninayoiona ni kwamba leo kila mtu anapanda parachichi, kwa hiyo kila mtu anatafuta miche. Mashamba yakishajaa mahitaji yatapungua, na yeye atakuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, labda na mtoto. Vyuo vya kilimo vya serikali, mfano MATI Uyole kule Mbeya, vinadai cheti cha kidato cha nne kwa ngazi ya astashahada. Mlango hautafungwa moja kwa moja: kuna vyuo vya ufundi stadi vya VETA, kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi ambavyo vipo tangu 1975, kuna kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea kupitia elimu ya watu wazima. Wapo waliorudi. Wengi hawakurudi, kwa sababu mtu akishazoea kushika pesa na akishakuwa na watu wanaomtegemea, kukaa tena na daftari kunahitaji moyo mkubwa.

Kuhusu wewe na kikao. Baba amekwambia uzungumze kwa kuwa wewe ndiye msomi, na wewe umeelewa kwamba anataka ushahidi wa upande wake. Je, una hakika? Umesema anakaa mahali ambapo wageni wanaipa picha mgongo. Umeisoma kama aibu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anakukinga wewe na maswali ya wageni. Mwendee kabla ya kikao, mkiwa wawili, umuulize anajisikiaje kuhusu wewe. Ni swali gumu kwa binti wa kwetu kumuuliza baba yake, najua, na labda utahitaji mama akufungulie njia. Lakini ukiingia kikaoni bila kuwa na jibu lake, kila neno la baba mdogo litakuingia kama hukumu.

Na ukisimama kuzungumza, unaruhusiwa kusema ukweli wako wote. Kwamba shule ilikupa hiki na haikukupa kile. Kwamba ulisubiri na bado unasubiri. Kijana wa umri ule anatambua hotuba ikianza tu, na anatambua pia mtu anapozungumza kutoka moyoni.

La kusubiri ajira: matangazo mengi ya serikali yanaweka ukomo wa miaka 45, kwa hiyo bado una muda, na kuendelea kuomba hakukuzuii kufanya jambo jingine. Umewahi kukiambia kikundi kwamba kazi unayowafanyia ina thamani? Wengine wangekubali ujira mdogo kwa kila msimu wa mauzo, ulioandikwa kwenye muhtasari. Wengine watanung'unika kwamba binti yetu anatutoza, na urafiki unaweza kuingia doa; hilo ulipime wewe unayewajua. Upo pia uwezekano wa kikundi kukua kikawa chama cha ushirika kinachohitaji mtendaji, halafu barua ya ajira ikakukuta na kukupeleka Kigoma. Je, ungekwenda? Sikuulizi ili unijibu mimi. Kuhusu deni la chuo, usilikimbie kwa aibu. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na asiye na mshahara bado anaweza kwenda bodi ya mikopo kueleza hali yake na kukubaliana namna ya kulipa. Kukaa kimya ndiko kunakoliongeza usiku.

Mwisho ni ile miti. Mwombe baba mwende msituni na mtu anayejua mbao, mwangalie ina umri gani na unene gani. Watu wengi huku wanauza misindano michanga kwa sababu ya haraka ya ada, wakati ingeachwa miaka michache zaidi ingetoa mbao za bei tofauti kabisa. Hilo linaweza kuzungumzwa kikaoni bila kumgusa mtu yeyote, na pengine mkianza nalo, mama yako naye atapata nafasi ya kusema anachokiogopa.